Mguu wa Mwinjilisti Lomuria

Vijana wangu, mchungaji ameniambia mnaanza kufundisha darasa la ubatizo hivi karibuni, na akaniomba niwape mawaidha. Mawaidha sina. Nina hadithi za kazi, na magoti yasiyotaka tena kupanda pikipiki ya kwenda Ngaremara. Kwa hiyo kaeni. Chai iko kwenye chupa, na mkate uko chini ya kile kitambaa. Funikeni mkishachukua, kwa sababu nzi wa mtaa huu wa Kiwanjani wanajua siku ya wageni kuliko mimi mwenyewe.

Kazi yangu ilikuwa hii hii mnayoianza. Nilikuja Isiolo kutoka Meru nikiwa bibi arusi, mume wangu akiwa karani wa idara ya mifugo. Kanisa lilikuwa linatafuta mwanamke wa kufundisha wanawake waliotaka kubatizwa. Nikaanza, nikidhani ni kwa muda. Nimefundisha hapa mjini, Ngaremara, na kule mashambani Rapsu, mpaka miguu iliponiambia imetosha.

Nawasikia baadhi yenu mkizungumza pale nje baada ya ibada. Mnadhani masikio yangu yamezeeka pamoja na magoti. Mnasema, ya nini kuwachosha watu na mafundisho? Mungu ni nani, Kristo alifanya nini, neema ni nini, imani ni nini. Si mtu ampende Yesu tu, aimbe, asaidie jirani, basi? Sijakasirika. Mmesema kwa nia njema. Nataka tu kuwaeleza kwa nini mimi siwezi kusema hivyo, na kueleza hilo itabidi niwaeleze kuhusu Mwinjilisti Lomuria.

Huyu ndiye aliyenifundisha kazi. Mturkana wa Ngaremara, mtu mrefu, mwenye viatu vya tairi na sauti ya pole pole. Alikuwa amesomea chuo cha wainjilisti, na vitabu vyake alivifunga kwa karatasi ya nailoni ili vumbi lisiingie. Alisoma sana kuliko sisi wote, lakini Kiswahili chake kilikuwa cha kwake mwenyewe. Ngeli alizipanga alivyotaka, na hakuna aliyekosa kumwelewa.

Darasa langu la kwanza lilikuwa Ngaremara, ndani ya kanisa la mabati lililokuwa na joto kama tanuri. Niliandika ubaoni sentensi niliyoitunga usiku kucha: neema ni fadhili za Mungu kwa mtu asiyestahili. Wanawake wakaisema pamoja nami, mara nyingi, kwa sauti nzuri, kama wimbo. Nilijisikia mwalimu kweli kweli. Lomuria alikuwa amekaa nyuma. Akasimama, akamwelekea mama mmoja aliyekuwa akinyonyesha, Mama Ewoi.

"Mama Ewoi, neema ni nini?"

Mama Ewoi alinitazama kwa huruma, kama mtu anayetafuta namna ya kunisaidia. "Neema ni ile msichana anasaga unga kwa posho mill," akasema. "Lakini leo sijamwona."

Tulicheka mpaka mtoto akaacha kunyonya. Mimi nilicheka kwa mdomo, moyoni nilitaka ardhi inimeze. Baada ya darasa Lomuria aliniambia, "Nkirote, maneno yako ni mzuri sana. Shida ni moja tu. Hakuna mtu amesikia."

Wiki iliyofuata alifundisha yeye, nami nikakaa nyuma. Hakuandika kitu. Alimwuliza Mama Ewoi, "Ile ukame ilimaliza mbuzi yako yote, ulifanya nini?"

"Nilienda kwa binamu yangu."

"Ulimpelekea nini?"

"Ningepeleka nini? Nilienda na watoto na njaa."

"Yeye alikupa nini?"

"Mbuzi ya maziwa. Nzuri kuliko zote alikuwa nayo."

"Kwa nini?"

Mama Ewoi akashangaa kuulizwa. "Kwa sababu mimi ni wake."

"Sasa," Lomuria akasema, "Mungu alikuona ukikuja na mkono mtupu namna hiyo, akakupa Mwana wake. Hiyo ndio neema."

Mama Ewoi alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Hata mimi?"

"Hata wewe."

Siku ile nilielewa kwamba mtu hajapata fundisho mpaka aweze kulisema kwa maneno anayotumia nyumbani kwake, akiwa anachochea uji. Akiimba tu pamoja na wengine, msimwandikie ubatizo. Mwulizeni peke yake. Mwacheni anyamaze. Ukimya wa mwanafunzi usiwatishe, maana mara nyingi ndipo anapofanya kazi. Na Ngaremara msianze darasa kabla akina mama hawajarudi kutoka kuchota maji, la sivyo mtafundisha mabenchi.

Kulikuwa na siku nyingine, Rapsu. Mnajua mashamba ya kule yanavyopendeza, maji yakiingia kwenye mifereji, nyanya zimejaa. Mwanafunzi wetu mmoja, mkulima wa kutoka kwetu Meru aitwaye Mutuma, alikuja darasani akiwa amekunja uso. Ndovu walikuwa wametoka mbugani, wakapita kwenye shamba lake, wakamaliza nyanya zote, wakaliacha la jirani yake bila kugusa hata jani.

"Mwalimu," akaniambia, "mimi naomba kila asubuhi. Jirani yangu hata kanisani hajui mlango uko wapi. Nimekosea wapi?"

Nikaanza kujibu. Nikasema labda Mungu anakujaribu, labda kuna jambo hujatubu, labda... Lomuria akakohoa. Kikohozi hicho nilikijua.

"Mutuma," akasema, "ndovu hajui nani amebatizwa."

Darasa zima likaangua kicheko, na Mutuma mwenyewe, hata kama hakutaka, akacheka. Halafu Lomuria akafunga kitabu, akasema twende tukaone ua wa shamba. Tulishinda huko tukikata miiba na kufunga waya, yule jirani naye akaja na panga lake kusaidia. Tukirudi, Lomuria aliniambia neno ambalo nimelibeba katika kazi yote: "Kama kuna kitu huwezi kusema mbele ya mtu amezika mtoto wake, na ikuwe ya kweli, usiseme darasani."

Basi hivyo ndivyo nilivyofunzwa. Miaka ikaenda, mambo yakabadilika. Tulianza na picha za kuning'iniza ukutani, mvua ikizilowesha tunazianika juu ya vichaka vya miiba. Zikaja kaseti. Sasa mna simu, na mna mambo ambayo sisi hatukuyaota. Mwanafunzi akikosa somo unamtumia ujumbe wa sauti. Sizidharau. Lakini zamani, mtu akitaka kuwafundisha watu wetu jambo la ajabu ilimbidi afike, akae, anywe chai, atazamwe machoni. Siku hizi mhubiri asiyejulikana yuko wapi anaingia sikioni mwa mama anayeuza maji barabarani, na anakaa humo mchana kutwa.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Akiru.

Akiru ni binti wa Lomuria, mtoto wake wa pekee aliyebaki karibu. Ana kibanda kando ya barabara kuu pale Ngaremara. Anauza maji, soda na shanga. Mama yake alikufa Akiru akiwa bado msichana mdogo wa shule ya msingi, baada ya kuugua muda mrefu. Lomuria hakuoa tena. Wakaishi wawili, na alipostaafu, Akiru ndiye aliyemtunza. Sijaona binti anayempenda baba yake kama huyu. Hata ugali alikuwa akimkatia vipande, mtu mzima mwenye meno yake yote.

Lomuria alikuwa na ugonjwa wa sukari. Akiru alikuwa akienda kila asubuhi kwenye duka la Mama Halima, mama wa Kisomali mwenye friji pale senta, penye maduka, kuchukua chupa ya dawa iliyohifadhiwa katikati ya soda. Anamdunga baba, anairudisha chupa. Mama Halima hakuwahi kumlipisha kwa nafasi ile ya friji. Alisema mzee ni mzee.

Kisha akaja mhubiri mmoja na hema lake, akahubiri mikutano pembeni ya mji, na alipoondoka akaacha mahubiri yake kwenye simu za watu. Simtaji, wala jina lake halina kazi hapa. Fundisho lake lilikuwa fupi na rahisi kukariri: Mungu ameshaponya kila ugonjwa, kwa hiyo Mkristo akiendelea kuugua, mahali fulani kuna shaka. Ikiwa si kwake, basi kwa mtu wa nyumbani mwake. Na dawa ni namna ya kusema humwamini Mungu.

Mimi sikujua kitu. Nilikuwa nimestaafu, niko hapa nyumbani. Asubuhi moja Mama Halima alikuja mjini kuchukua bidhaa, akapita kwangu. Tukasalimiana, nikamkaribisha chai, akakataa kukaa.

"Mwalimu, nataka kuuliza kitu, na usikasirike," akasema. "Nyinyi Wakristo, dini yenu inakataza sindano?"

"Hapana. Kwa nini?"

"Chupa ya mzee Lomuria iko kwa friji yangu. Siku nyingi sasa, wallahi, hakuna mtu anakuja kuchukua. Nilimwuliza Akiru, akasema baba amepona kwa imani. Lakini mimi nimemwona mzee. Mguu ile ina harufu."

Nilichukua shuka langu, nikapanda pikipiki.

Nilimkuta Lomuria amelala kitandani, mlango umefunguliwa kupata upepo. Alikuwa amekonda. Mguu wa kushoto ulikuwa umefungwa kwa kitambaa safi, safi sana, lakini Mama Halima alikuwa amesema kweli. Akiru alikuwa kibandani kwake, hatua chache tu kutoka mlangoni, na sauti ya yule mhubiri ilikuwa ikitoka kwenye simu yake.

"Nkirote," Lomuria akasema. "Umekuja kuniona nikishindwa."

"Umeshindwa na nini?"

"Nimefundisha watu maisha yangu yote. Na hii mguu inakataa. Akiru ananiombea, anafunga, hali. Anasema tuamini. Mimi najaribu. Nabana macho, najaribu." Akageuza uso ukutani. "Labda sikuwa na imani. Labda nilikuwa nafundisha tu."

Vijana, nimesikia maneno mengi ya uchungu katika kazi hii. Nimekaa na waliofiwa na waliofungwa. Hakuna neno lililonikata kama lile. Mtu aliyemwambia Mama Ewoi "hata wewe" alikuwa amelala pale, hana hakika kama yeye mwenyewe yumo. Nilitaka kutoka nje nikaivunje ile simu. Nilitaka kumpigia Akiru kelele mpaka malori yasimame. Lakini nilijua nikimgombeza binti mbele ya baba, nitawapoteza wote wawili. Nikavuta kigoda, nikakaa, nikafanya kitu pekee ninachojua kufanya.

"Mwinjilisti," nikasema, "nimezeeka, nimesahau. Nisaidie. Mtu anaokolewa na nini?"

Akanigeukia. "Nkirote, mimi si mtoto."

"Najua. Nisaidie tu."

Akavuta pumzi. "Na neema ya Mungu. Kwa njia ya imani."

"Imani yenye nguvu kiasi gani?"

Akanyamaza. Nikamwacha anyamaze. Lori likapita, bati likatetemeka, likatulia.

"Hiyo swali si mzuri," akasema mwishowe.

"Kwa nini si zuri?"

"Kwa sababu imani haiokoi. Kristo ndio anaokoa. Imani ni mkono tu, ya kupokea." Akaunyanyua mkono wake kutoka kwenye blanketi. Ulikuwa umebaki mifupa, na ulikuwa ukitetemeka. Akautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Na mkono inaweza kutetemeka," akasema.

"Mkono inaweza kutetemeka," akarudia, na mara hii hakuwa akiniambia mimi.

Akiru alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alikuwa amesikia kiasi gani. Alikuwa amezima simu.

"Mwalimu," akasema, "shikamoo. Lakini tafadhali usimfundishe Apa kukata tamaa." Apa ndivyo alivyozoea kumwita baba yake.

"Marahaba, mwanangu. Sijaja kumfundisha hivyo."

"Mimi sitaki afe. Nikimdunga sindano, si nimesema Mungu hawezi?"

"Ukimpa maji, umesema Mungu hawezi kumtoa kiu?"

"Hiyo ni tofauti."

"Tofauti gani?"

Nikamwambia polepole, kama ninavyowaambia ninyi. Yule mtume aliyeandika barua nyingi kuliko wenzake alimwomba Bwana amwondolee mwiba mwilini, akaomba tena na tena, akaambiwa hapana, neema yangu inakutosha. Je, mtume alikosa imani? Mmoja wa wenzake wa safari alikuwa tabibu. Je, alimwambia atupe mfuko wake wa dawa? Mungu anaponya, na tunamwomba, na wakati mwingine anaponya kwa mkono wa muuguzi. Na wakati mwingine hatuponi, na bado sisi ni wake. Nikamwambia fundisho linalompa mgonjwa kazi ya kujiponya kwa kuamini sana, halafu likamlaumu akishindwa, halikutoka kwa Kristo. Kristo hakuwahi kumwambia mgonjwa hata mmoja, rudi nyumbani, imani yako haijafika.

Akiru alisikiliza akiwa ameshika fremu ya mlango. Nilidhani atabishana. Badala yake akauliza swali ambalo hakuna aliyelitarajia.

"Basi mama alikufa kwa nini?"

Lomuria akanyanyua kichwa.

"Niliomba," Akiru akasema. "Kila siku nikitoka shule nilikuwa napiga magoti pale kwa kitanda yake. Kila siku. Halafu siku moja nikaenda kucheza. Sikuomba. Niliporudi alikuwa ameenda." Alikuwa akiongea bila kututazama. "Huyu mhubiri aliposema kuna mtu nyumbani ndiye anazuia, nilijua ni mimi anasema. Nilijua tangu zamani. Nikasema, kwa Apa sitacheza. Kwa Apa nitaomba vizuri."

Mnaona, vijana? Nilikuwa nimekuja kupigana na fundisho la mtu wa mbali. Kumbe fundisho lile lilikuwa limemkuta msichana mdogo aliyekuwa akilia peke yake miaka yote hiyo, likamwambia, ndiyo, ni wewe. Nasi wote tuliompenda, tuliomfundisha nyimbo na kumbatiza, hakuna aliyewahi kumwambia siyo.

Lomuria alijaribu kuketi, akashindwa, akanyoosha mkono.

"Akiru. Kuja hapa."

Akaja, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Hiyo siku ulienda kucheza," baba akasema, "ni mama yako alikutuma. Hukumbuki? Aliniambia, mwambie mtoto aende nje, amekaa hapa sana na magoti yake. Alitaka kusikia nyinyi mkicheka. Mlango ilikuwa wazi. Alikuwa anasikia."

Akiru akamtazama.

"Alikuwa anasikia wewe," Lomuria akasema. "Kristo hakuwa anangoja maombi ya mtoto ndio ashike mama yako. Alikuwa amemshika kabla wewe uzaliwe. Mimi ni makosa yangu sikukuambia. Sikujua umebeba hiyo."

Yule mwanamke mzima alilia kama mtoto, kichwa chake juu ya kifua cha baba, na ule mkono unaotetemeka juu ya kichwa chake. Mimi nilitazama paa. Kuna wakati mwalimu hana kazi, na ni vizuri aujue.

Baadaye Akiru akasimama, akatoka bila neno. Nilidhani amekwenda kujificha na uchungu wake. Akarudi akiwa ameshika ile chupa ya dawa, ameifunga kwa kitambaa kilicholoweshwa maji, na nyuma yake Mama Halima, aliyekuwa amesharudi kutoka mjini, akija mbio na funguo za gari la kaka yake. "Daktari aangalie Apa kwanza, atuambie kama nimdunge," Akiru akasema. "Twende."

Gari lilikuwa pikapu yenye mbuzi wa kupeleka soko la Isiolo. Kaka wa Mama Halima aliwasogeza mbuzi upande mmoja, tukatandika godoro upande mwingine. Barabara nzima mbuzi mmoja mweupe alikuwa akinusa shuka la Lomuria. "Leo na mimi naenda soko," akatuambia. "Angalia vizuri wasiniuze." Akiru akacheka huku machozi yanamtoka. Ndipo nilipojua kwamba hata iweje, watu hawa wawili wamepona jambo fulani.

Mguu haukupona. Ulikatwa chini ya goti. Daktari alituambia waziwazi kwamba labda ungeokolewa kama tungefika mapema. Siwafichi ninyi hilo kwa sababu sitaki mfikiri ni mambo ya maneno tu. Yule mhubiri alikuwa ameshahamisha hema lake kwenda mji mwingine, na mpaka leo hajui kwamba kuna mguu ulibaki Isiolo.

Akiru aliposikia maneno ya daktari alisimama kwenye korido akasema, "Ni mimi. Hii mguu ni mimi." Lomuria alipozinduka vizuri, jambo la kwanza alilotaka ni kuletewa binti yake. Alimwambia, "Ulinidanganya kwa sababu ulidanganywa, na ulifanya kwa kunipenda. Nimesamehe kabla uulize. Sasa hii usibebe tena, mimi sina mguu ya kukufuata huko." Muuguzi aliyekuwa akibadilisha bandeji ilibidi asimame kidogo apanguse macho.

Lugha yetu ina neno zuri. Maandiko yanaposema mafundisho ya kweli, Kiswahili kinasema mafundisho yenye uzima. Uzima huo huo tunaouliziana asubuhi: u mzima? Watoto wazima? Mafundisho si uzio wa kuwafukuza watu wa kanisa lingine, wala si fimbo ya kuwachapa wasiojua. Mama Halima haamini tunavyoamini, na ndiye aliyetuokolea mwalimu wetu kwa friji yake. Mafundisho ni kumweleza mtu Mungu ni nani hasa, ili siku ya mguu kuoza, siku ya kuzika, asije akamkuta Mungu mwingine aliyetungwa na mtu. Upendo Akiru alikuwa nao, tena mwingi kuliko wetu. Alimpenda Yesu, akafunga, akaomba. Alichokosa ni ukweli kuhusu huyo aliyempenda, na kwa kuukosa, upendo wake mwenyewe ulikuwa ukimuua baba yake.

Kwa hiyo fundisheni. Fundisheni kwa upole, kwa maneno ya nyumbani, na mchekeshe watu inapobidi, lakini msiruke somo la neema kwa sababu mnadhani kila mtu analijua. Ulizeni mmoja mmoja. Na mtu akiuliza swali ambalo halimo kwenye somo, acheni somo, mfuateni.

Lomuria yuko. Macho yamepungua, lakini anakaa kibandani kwa Akiru kila siku, magongo yake yameegemezwa kwenye kreti za soda, na mtu akinunua maji anaweza kuulizwa anaokolewa na nini kabla hajapewa chenji. Nendeni mkamsalimie. Pelekeni majani ya chai.

Na Akiru? Nilikuwa nimestaafu, nimewaambia, lakini mchungaji aliniomba nirudi nimalizie darasa moja pale Ngaremara kwa sababu mwalimu alikuwa amejifungua. Siku ya kwanza nilimkuta Akiru amekaa kwenye benchi pamoja na wanaotaka ubatizo. Nikamwuliza, "Wewe si ulibatizwa ukiwa mtoto? Umekuja kutafuta nini?"

"Kuanza," akasema.

Basi nikaanza, kama ninavyoanza daima, na swali la kwanza kabisa. Nikazunguka benchi, kila mtu akasema alichonacho. Ilipofika zamu yake nikauliza, "Akiru, Mungu ni nani?"

Alisimama, akafikiri mpaka wenzake wakaanza kumtazama. Sikumharakisha.

"Sijui vizuri bado," akasema. "Lakini hakuwa amenikasirikia siku ile nilienda kucheza."

Nikamwambia sawa, akae, tutaanzia hapo.